Jukiboksi ikikupigia wimbo usiouomba: anza kwa karatasi na kalamu

Umebonyeza C4, jukiboksi ikakupigia C5. Umebonyeza H2, haikupiga kitu. Jana usiku G7 ilikataa, leo asubuhi inacheza vizuri kabisa. Mafundi wengi wakikutana na mambo haya hukimbilia bisbisi, na wakishaifungua mashine huanza kugusa kila kinachogusika. Nia yangu leo ni kueleza njia nyingine: kabla ya kufungua parafujo hata moja, iache mashine yenyewe iseme inaumwa wapi. Makosa ya kuchagua nyimbo yana mpangilio wake, na ukiuandika huo mpangilio kwenye karatasi, nusu ya kazi umeimaliza.

Kwa vijana wasioijua, jukiboksi ni kabati la kucheza santuri. Lilikuwa likiwekwa kwenye baa na hoteli. Mteja hutumbukiza sarafu, hubonyeza herufi na namba, na mashine yenyewe huitafuta sahani, huishika na kuicheza. Wazee wetu wa Mombasa na Malindi wanayakumbuka.

Ninaandika haya kutoka Mogogosiek, huku Konoin katika kaunti ya Bomet, kwenye mashamba ya chai. Mimi ni mtu wa Pwani, fundi wa redio, na kazi ndiyo iliyonileta bara. Msomaji atauliza, sisi na Mogogosiek wapi na wapi? Jibu liko kwenye kikombe chake cha asubuhi. Chai inayochumwa vilima hivi hushuka Mombasa kuuzwa mnadani. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956 na ukahamia Mombasa mwaka 1969. Chai ikishuka, na muziki nao ulipanda. Ndani ya jukiboksi niliyoitwa kuitazama huku nilikuta santuri za Kikipsigis zilizotolewa na Chandarana wa mjini Kericho, na kando yake taarabu za lebo ya Mzuri, ile ya duka la Assanand la Mombasa. Sahani za kwetu zimekaa miaka yote hii kwenye baridi ya bara, na bado zinaimba.

Huku watu wameishi na santuri siku nyingi. Mwaka 1950, pale Kapkatet, si mbali na hapa, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo lilikuwa ni namna yao ya kulitamka jina la mwimbaji wa Kimarekani, Jimmie Rodgers, ambaye sauti yake iliwafikia kwa gramafoni. Kwa hiyo mtu wa huku akikwambia sahani ya babake ni mali, usimcheke.

Mwenye mashine ni mama wa makamo ya juu, na majirani humwita Kogo, yaani bibi kwa lugha yao. Ana hoteli ndogo ya chai na chapati. Marehemu mumewe ndiye aliyeileta jukiboksi, Seeburg ya Marekani ya miaka ya 1960, yenye sahani 80, maana yake nyimbo 160 ukihesabu pande zote mbili. Mwanawe alikuwa ameshamshauri waitoe mitambo ya ndani, wabaki na kabati na taa zake, waweke kiredio cha flashi. Santuri walikuwa wameshapata mtu wa kuzinunua zote kwa pamoja, tena kwa bei ya karanga.

“Mwanangu,” Kogo aliniambia, “hii mashine imeanza kunidharau. Namwomba hii, inanipa ile.”

“Haikudharau, Kogo,” nikamjibu. “Inasema, ila hatujaisikiliza.”

Mashine inavyochagua

Ili kuelewa kosa, sharti uelewe safari ya ombi lako kutoka kwenye kidole hadi kwenye sindano. Kwa Seeburg za aina hii, safari hiyo ina vituo vinne.

Kituo cha kwanza ni vitufe. Kuna herufi 20, kuanzia A hadi V, bila I na O kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Kuna namba 8. Ishirini mara nane ni 160. Kila wimbo uko pale mstari wa herufi yake unapokatana na mstari wa namba yake, kama nyumba iliyo kwenye njia panda ya vichochoro viwili.

Kituo cha pili ni kumbukumbu. Zamani kumbukumbu za jukiboksi zilikuwa pini za chuma zinazosukumwa nje kwa sumaku, pini moja kwa kila wimbo. Mwaka 1955 Seeburg walileta chombo walichokiita Tormat. Ndani yake mna vipete vidogo vya sumaku, kila wimbo una pete yake. Ukibonyeza herufi na namba, kapasita iliyojaa umeme huutema kwa mpigo mmoja, mpigo ukapita kwenye mstari wa herufi na mstari wa namba. Pete iliyo pale mistari inapokutana ndiyo pekee inayopata nguvu ya kutosha, nayo hugeuka usumaku wake. Hapo ombi lako limeandikwa. Hata umeme ukikatika, pete hukumbuka.

Kituo cha tatu ni msomaji. Chini ya sahani, ambazo zimesimama wima kwa safu kama vitabu kwenye rafu, kuna kigari kinachokwenda na kurudi. Kigari kina vidole vya shaba vinavyopita juu ya vituo vya Tormat, kimoja baada ya kingine, vikiuliza kila pete: “Umeombwa?” Pete iliyogeuzwa hujibu kwa mpigo mdogo wa umeme, na papo hapo hurudi hali yake ya mwanzo. Kusoma ndiko kufuta, ndiyo maana wimbo haurudiwi bila kuombwa tena.

Kituo cha nne ni breki. Ule mpigo mdogo huamsha vali, moja ya zile taa za kioo za redio za zamani, na vali huipa umeme koili inayovuta kishikizo. Kigari husimama mbele ya sahani, mkono huinyanyua na kuibana, na sindano ikashuka. Upande mmoja wa sahani huchezwa kigari kikienda, na upande wa pili kikiwa kinarudi. Shika sana jambo hili la kwenda na kurudi, tutalihitaji.

Chati ya nyimbo 160

Kazi yangu ya kwanza kwa Kogo ilikuwa kuomba karatasi ya daftari la hesabu. Nikachora mistari: herufi 20 kwenda chini, namba 8 kwenda upande. Kisha nikabonyeza nyimbo zote, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nikaandika kilichotokea: sawa, kimya, au wimbo gani ulikuja badala yake. Si lazima usikilize kila wimbo hadi mwisho. Sindano ikishagusa, soma jina kwenye sahani kisha bonyeza kitufe cha kukataa kilichoko nyuma ya kabati. Hata hivyo ni kazi ya mchana kutwa. Andika na saa uliyojaribu, na jioni jaribu tena zile zilizokuwa sawa.

Kabla ya hapo kuna jambo dogo ambalo lafaa litangulie: linganisha vikaratasi vya majina ya nyimbo na sahani zenyewe. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Mtu alitoa sahani kuzifuta vumbi akazirudisha pasipo pake, au kaibandika sahani upande wa B ukakaa penye A. Mashine inachagua vizuri, karatasi ndiyo inayosema uongo.

Chati ikishajaa, itazame kwa mbali. Itakuonyesha mojawapo ya sura hizi.

Herufi nzima ikiwa kimya, nyimbo zake zote 8, pete hazina kosa. Haiwezekani pete 8 zife siku moja kwa mstari. Tazama swichi ya herufi hiyo na waya wake.

Namba nzima ikiwa kimya, nyimbo 20, ni vivyo hivyo, ila utafute kwenye swichi ya namba.

Wimbo mmoja tu ukikataa na jirani zake wote wako sawa, tazama kituo cha shaba cha wimbo huo kwenye Tormat. Huenda kimeingia uchafu au kutu. Kama kigari kinasimama mahali pake lakini sahani haishikwi, itoe uitazame. Mashine hizi zinataka sahani yenye tundu kubwa la inchi moja na nusu. Sahani ya tundu dogo haikai.

Kigari kikienda na kurudi bila kusimama popote, hali umebonyeza, kosa liko kwenye kuandika au kwenye kusoma. Bonyeza nyimbo za herufi na namba tofauti tofauti. Zote zikipita bila kusimama, shuku vile vinavyotumika na nyimbo zote kwa pamoja: kapasita ya mpigo, vali, vidole vya kigari, au koili ya breki.

Kigari kikisimama penye kila sahani ingawa hukuomba, vali ya kusoma inawaka yenyewe bila kuitwa.

Na sasa lile linalowachanganya wengi: unaomba wimbo huu, unapata wa jirani. Hapa ndipo kwenda na kurudi kunapokuwa ushahidi. Jiulize, kosa linaelekea upande gani? Ikiwa nyimbo zinazochezwa kigari kikienda kulia zinakosea kwa kulia, na zile za kurudi kushoto zinakosea kwa kushoto, basi breki inachelewa. Ishara imefika kwa wakati lakini kishikizo ni kizito, kigari kimepita nafasi moja mbele. Ikiwa makosa yote yanaelekea upande mmoja, kigari kiende au kirudi, breki haina neno. Vidole vya kusoma vimehama mahali pake, au sahani zote zimesogezwa nafasi moja.

Mashine ya Kogo ilikuwa na nini

Chati ya Kogo ilisema hivi: nyimbo 121 sawa, nyimbo 8 kimya, nyimbo 31 zilimleta jirani. Zile 8 zilikuwa mstari mzima wa H. Zile 31 zilitawanyika kila mahali, lakini zote zilikosea kwa kufuata mwendo wa kigari. Tena nyingi nilizipata asubuhi. Kufikia adhuhuri, mashine ikishapata joto, baadhi ziliacha kukosea zenyewe.

Msomaji wa Pwani atashangaa joto linaingiaje. Huku asubuhi ni baridi na ukungu, nguo zinalala na unyevu. Grisi ya zamani iliyowekwa kwenye mitambo miaka mingi iliyopita hugeuka kuwa kama gundi, na baridi huifanya ngumu zaidi. Koili inavuta, kishikizo kinasita, kigari kinapita. Nikafungua sehemu ya breki, nikaosha ile gundi kwa spiriti hadi vyuma vikacheza kwa kidole, nikatia tone moja moja la mafuta mepesi. Usimwage mafuta. Mafuta mengi ya leo ni gundi ya kesho.

Swichi ya H ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye kontakti zake, kazi ya unyevu. Nikakata kipande cha karatasi ngumu, nikakilowesha kwa dawa ya kusafishia kontakti, nikakipitisha katikati ya vile vidole mara kadhaa hadi kikatoka safi. Msasa sikuutumia. Kontakti za aina hii zimepakwa fedha juu, na msasa huiondoa ile fedha ikabaki shaba tupu ambayo itashika kutu upesi.

Nikajaribu tena mchana: nyimbo 160, zote sawa. Kogo akataka kunilipa. Nikamwambia angoje usiku.

Usiku ukaja na maneno yake. Baada ya saa moja, nyimbo zilianza kukataa hapa na pale, bila mstari, bila mpangilio wa herufi wala namba. Ukirudia kubonyeza mara ya pili, pengine inakubali. Kosa lisilo na mahali, lakini lenye saa yake, lina sababu iliyo nje ya mashine. Nikapima umeme wa ukutani. Mchana ulikuwa 240, usiku huo ulikuwa volti 208, kwa kuwa nyumba zote za kando zimewasha taa na kinu cha posho kilikuwa kinasaga. Mashine hii ni ya Marekani, inakula volti 117 kupitia transfoma ya kushushia. Ukutani pakishuka hadi 208, mashine inapata 101 tu. Taa zinawaka, muziki unalia, wala mtu hatambui. Lakini kapasita ya mpigo haijai sawasawa, na mpigo dhaifu haugeuzi pete. Ombi halikupotea njiani, halikuandikwa tangu mwanzo. Tukatia stabilaiza kabla ya transfoma, na mambo yakatulia.

Laiti nisingeandika saa kwenye ile karatasi, makosa ya baridi ya asubuhi na makosa ya umeme wa usiku yangeonekana kama ugonjwa mmoja, na Tormat, ambayo haina kosa lolote, ndiyo ingeng'olewa. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshaihukumu.

Tahadhari

Kwanza, chomoa waya ukutani na ungoje kabla ya kutia mkono. Kapasita za mashine hizi hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa. Kama hujui kuzimaliza, mwachie anayejua.

Pili, Tormat usiijaribu kwa testa ya taa wala kwa betri. Waya zake ni nyembamba mno. Ukiziunguza hakuna wa kuzishona.

Tatu, mashine inayokosea isiendelee kutumika ati kwa kuwa “inacheza-cheza”. Kigari kikisimama kati ya sahani mbili, mkono huweza kuumega ukingo wa sahani. Swichi utaisafisha, lakini sahani iliyovunjika huiungi.

Nne, kama mwimbaji wa kike anasikika kama mwanamume aliyechoka, hilo si kosa la kuchagua. Umeme wa Marekani ni wa mizunguko 60, wetu ni 50. Mota iliyofungwa kwa umeme wa kule, ikikimbia huku, huzungusha sahani mara 37.5 kwa dakika badala ya 45. Dawa yake ni kubadilisha kipande kinachozungusha, kitoshee mizunguko 50.

Na nyinyi wa Pwani mlio karibu na bahari, adui yenu wa kwanza hatakuwa baridi. Ni hewa ya chumvi. Anzeni na kontakti za vitufe na vidole vya kigari, na mtazame kutu kabla ya grisi.

Flashi au santuri?

Sina ugomvi na flashi. Nami ninayo, na harusini ndiyo inayotumika. Lakini tuelewane juu ya kinachouzwa. Jukiboksi ikitolewa mitambo, sahani hukosa nyumba, na sahani isiyo na nyumba huuzwa. Wanunuzi wa santuri za Afrika Mashariki wapo, wa Nairobi na wa ng'ambo, nao wanajua thamani yake kuliko muuzaji. Nyimbo nyingi za santuri hizi, za Kikipsigis na za taarabu, hazikutolewa tena kwa kanda wala kwa njia nyingine yoyote. Zikiondoka Mogogosiek au Mombasa, wajukuu wetu watazifuata kwa wageni, na watalipia.

Mwanawe Kogo si mtu mbaya. Alichoka na mashine isiyosikia. Nilimpa ile chati aishike mwenyewe, nikamwonyesha mstari wa H na ile safari ya kwenda na kurudi. Akaelewa haraka kuliko nilivyotarajia, na swichi ya mwisho aliisafisha yeye. Santuri hazikuuzwa. Tulikubaliana azinakili zote kwenye flashi kwanza, ili zile zilizochoka zipumzike, na hizo flashi zitumike siku ambazo umeme haupo sawa. Kimoja hakimfukuzi mwenzake.

Basi ukiwa na jukiboksi nyumbani, au unamjua mzee aliye nayo stoo imefunikwa gunia, fuata utaratibu huu: linganisha karatasi na sahani, pima umeme mchana na usiku, chora chati uijaze, soma sura ya makosa, ndipo ushike bisbisi. Na ukimaliza, ile chati usiitupe. Ibandike ndani ya mlango wa kabati, na tarehe yake. Siku mashine ikikosea tena, fundi atakayekuja ataona ilikuwa na nini na ilitibiwa vipi, na hataanza upya.